Habari za Muziki wa Dansi na Jinsi Ulivyotiwa katika Santuri

Watu wengi hudhani kuwa historia ni habari za vita, za masultani na za magavana tu. Lakini mambo yanayowafurahisha watu jioni, kazi zikiisha, nayo yana historia yake. Tena historia hiyo hupotea upesi kuliko nyingine, kwa kuwa ni wachache wanaoiona kuwa yastahili wino na karatasi. Katika kurasa hizi nataka kuwaeleza wasomaji habari za muziki wa dansi katika nchi yetu: ulitoka wapi, ulifikaje Tanga na Korogwe, na zaidi ya hayo, ulinaswaje katika sahani za santuri na katika kanda, hata leo tukaweza kuwasikia watu waliokwisha kufa zamani. Jambo hili la mwisho ndilo kubwa. Wimbo ulionaswa huishi kuliko mwimbaji wake, na wimbo usionaswa huzikwa pamoja naye.

RELI NA KAMBI ZA MKONGE

Sisi wa Makuyuni tunakaa katika nchi ya Korogwe: upande mmoja milima ya Usambara, na upande wa pili bonde la mto Pangani na nyika iendayo Handeni. Mgeni akipita hapa hatadhani kuwa ni mahali pa kuanzia habari za muziki. Lakini na atazame ramani. Wadachi walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893. Ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Katika mwaka ule ule wa 1893, kwa kazi ya Mdachi mmoja aitwaye Dr. Richard Hindorf, miche ya mkonge ililetwa Tanga kutoka Florida katika Marekani. Ilitumwa miche 1,000, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kwa miche ile 62 mashamba yakaenea pande zote mbili za reli, hata Tanganyika ikawa nchi ya kwanza duniani kwa mkonge.

Kazi ya mkonge yataka mikono mingi. Wabondei, Wasambaa na Wazigua hawakutosha, na wengi wao walipenda zaidi kulima mashamba yao wenyewe. Basi watu wakaletwa kutoka mbali, wengine kutoka Unyamwezi, wengine kutoka Uha na nchi za kusini. Wakaitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba yake. Watu wa makabila mengi wakikaa katika kambi moja, lugha yao huwa Kiswahili. Lakini ngoma yao itakuwa ipi? Mnyamwezi ana ngoma yake, Mmakonde ana yake, na kila moja ina miiko yake. Ikahitajiwa ngoma isiyo ya kabila, ambayo mtu yeyote mwenye senti zake na shati safi angeweza kuiingia siku ya Jumamosi bila ya kuulizwa ametoka wapi. Ngoma hiyo ndiyo dansi. Na ushahidi wake ni huu: moja ya bendi kubwa za mji wa Tanga katika miaka ya 1950 iliitwa Young Nyamwezi, ingawa Unyamwezi uko mbali sana na bahari. Bendi hiyo ndiyo iliyogeuzwa jina baadaye ikaitwa Jamhuri Jazz.

TARUMBETA ZA ASKARI NA ZA MISHENI

Vyombo vya dansi havikuja vyote siku moja. Tarumbeta zilitangulia. Zililetwa na majeshi, na tena zililetwa na misheni. Huko Freretown, karibu na Mombasa, ambako watumwa waliowekwa huru walikaa chini ya wamisionari, vijana walifundishwa kupiga tarumbeta na ngoma za Kizungu. Katika miaka ya 1890 watu wa Lamu na Mombasa wakaanza kuiga bendi za askari, wakaunda ngoma iliyoitwa beni. Walivaa kama askari, wakajipa vyeo, wakaandamana kwa safu, na chama kimoja kikashindana na kingine kwa nyimbo na kwa karamu. Vita ya 1914 hadi 1918 ikaichukua beni mpaka bara, kwa maana askari na wapagazi walikwenda nayo kila walikopelekwa. Vyama vya Marini na Arinoti vikajulikana katika miji mingi.

Wako wazee wa Kanisa walioikemea beni, na hawakukosa sababu, kwa kuwa mashindano yale yaliwamaliza watu fedha na pengine kuleta ugomvi. Lakini haifai kusahau kuwa midomo iliyojua kupuliza tarumbeta mbele ya mlango wa dansi, mingi yake ilifundishwa kwanza katika shule na katika jeshi. Tarumbeta ni moja. Aipigaye ndiye huchagua ataipigia nini.

Beni ilipochakaa, vijana waliosoma, makarani na walimu na watumishi wa reli, walitaka jambo jipya zaidi. Wakaanza kucheza dansi ya watu wawili wawili, kama walivyoona Wazungu wakicheza, na kuunda vilabu vya kuiendesha. Dar es Salaam Jazz Band, ambayo husemwa kuwa mama wa bendi za Bara, hutajwa kuwa ilianzishwa mwaka 1932. Morogoro Jazz ikafuata mwaka 1944. Vita ya pili ikaongeza mambo. Vijana wa Afrika ya Mashariki walipelekwa mpaka Bara Hindi na Burma, na waliporudi baada ya mwaka 1945 wengi walirudi na magitaa, na masikio yao yamekwisha kuzoea sauti za dunia nzima.

SAHANI ZILIZOTOKA KUBA

Sasa twende kwa santuri yenyewe. Hata ilipofika mwaka 1928, Mswahili aliyetaka sauti yake itiwe katika sahani ilimpasa kuvuka bahari. Mwaka ule Siti binti Saad wa Unguja, mwanamke aliyezaliwa shambani Fumba katika unyonge, alisafiri pamoja na wenziwe mpaka Bombay, wakaimba mbele ya mashine za kampuni ya Gramophone, yenye alama ya mbwa asikilizaye pembe. Sahani zake zikarudi pwani yote zikanunuliwa kwa wingi. Shaaban Robert, mwana wa Tanga, ndiye aliyemwandikia wasifu wake. Sahani zile zilionyesha jambo ambalo wafanyabiashara hawakuwa wakilijua, kwamba Mwafrika mwenye fedha kidogo yu tayari kuitoa apate kusikia lugha yake ikitoka katika sanduku.

Basi kampuni ile ikatafuta biashara zaidi. Mwaka 1933 ikaanza kutoa mfululizo wa sahani kwa ajili ya Afrika, nazo zikapewa herufi GV na namba. Zaidi ya sahani 200 zilitoka katika mfululizo ule hata kufikia mwaka 1958, na nyingi mno zilikuwa za muziki wa Kuba. Mojawapo ilikuwa wimbo wa muuza njugu, El Manisero, uliotungwa na Moisés Simons, ukapigwa na bendi ya Don Azpiazú kutoka Havana pamoja na mwimbaji Antonio Machín, na kunaswa huko New York mwezi wa Mei mwaka 1930.

Msomaji atauliza: kwa nini watu wa Tanga, Morogoro na Leopoldville waupende muziki wa kisiwa wasichokijua, unaoimbwa kwa Kispanyola wasichokielewa? Jibu liko katika historia ya kusikitisha. Kuba ilikuwa nchi ya mashamba ya miwa, na mashamba yale yalilimwa na watumwa waliochukuliwa Afrika, wengi wao kutoka Kongo na kutoka nchi za Wayoruba. Utumwa haukukoma kule mpaka mwaka 1886. Watumwa wale walinyang'anywa nchi, majina na lugha, lakini mikono yao haikusahau ngoma. Ngoma yao ikachanganyika na gitaa la Wahispania, ikazaa muziki uitwao son: gitaa, ngoma ndogo mbili za kupigwa kwa vidole, manyanga, vijiti viwili vya kugonganisha, na sauti za kuitikiana. Katika miaka ya 1920 tarumbeta ikaongezwa. Basi Mwafrika wa huku aliposikia sahani ile alisikia mwimbaji akiita na wenzake wakimwitikia, akasikia vijiti vikigawa mapigo kama vinavyogawa katika ngoma ya nyumbani. Maneno yalikuwa ya kigeni, lakini mwendo ulikuwa wa jamaa. Alikuwa mtoto aliyechukuliwa mateka, naye amerudi amevaa nguo nyingine.

Kwa hiyo wale wasemao kuwa dansi yetu ni kuiga tu, husema nusu ya kweli. Katika miaka ya mwanzo waliiga, tena wengine waliimba maneno yaliyofanana na Kispanyola yasiyo na maana yoyote. Lakini walikuwa wakiiga kitu ambacho mizizi yake ilitoka katika bara lao.

JINSI SAUTI ILIVYONASWA

Hapa nataka kueleza kazi yenyewe, kwa kuwa wengi huisikia santuri bila kujua ilivyofanywa. Kabla ya mwaka 1925 hapakuwa na umeme katika kazi hii. Mwimbaji aliimba ndani ya pembe kubwa, sauti yake ikatikisa sindano, na sindano ikachora mfuo juu ya nta laini iliyokuwa ikizunguka. Tangu mwaka 1925 kikatumiwa chombo cha umeme, yaani mikrofoni, nacho kikasikia sauti ndogo ambazo pembe haikuzisikia. Ile nta ikafunikwa kwa madini, ikapatikana kalibu. Na kwa kalibu ile wakapiga chapa sahani nyingi za mchanganyiko wa lak na unga wa mawe. Ni sahani ngumu na nzito, na ikianguka huvunjika kama kigae. Ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja haukuchukua ila kama dakika 3.

Fikiri sasa taabu ya bendi. Mikrofoni moja, watu wengi. Mpiga tarumbeta akisimama karibu, hakuna atakayesikia mwimbaji; kwa hiyo alipelekwa nyuma, pengine ukutani kabisa. Gitaa lisilo na umeme likavutwa mbele, na mwimbaji akasimama mbele ya wote. Mwenye ngoma aliambiwa apige kwa upole, kwa kuwa pigo kubwa huharibu mfuo. Na juu ya hayo wote walikuwa wakishindana na saa. Katika dansi ya kijijini wimbo mmoja huweza kwenda robo saa, wachezaji wakitaka. Katika sahani dakika 3 zikipita nta imekwisha. Mtu akikohoa mwishoni, au gitaa likikatika waya, kazi yote imeharibika na lazima kuanza upya. Hakuna kurudi nyuma na kusahihisha neno moja, kama afanyavyo mwanafunzi kwa ufutio.

Kanda ya sumaku, ambayo Wadachi waliitengeneza katika miaka ya 1930 na ambayo ilienea duniani baada ya vita ya pili, ilipunguza taabu hiyo. Kanda ikikosewa hufutwa, nayo huchukua wimbo mrefu. Mwaka 1950 Mwingereza mmoja aliyekaa Afrika ya Kusini, Hugh Tracey, alipita katika Tanganyika na gari lenye mashine za kunasa sauti, akiwafuata wapigaji walikokaa badala ya kuwangoja waje mjini. Alishika mikrofoni kwa mkono wake mwenyewe, akiisogeza karibu na chombo hiki kisha kile, kufuatana na jinsi wimbo ulivyokwenda. Alinasa ngoma za makabila, na pia alinasa bendi za dansi za wakati ule. Lakini mtu mmoja na gari moja hawawezi kuimaliza nchi.

MOMBASA NA NAIROBI

Baada ya vita kazi ya kunasa sauti ikaja karibu. Nairobi ikapata studio na kiwanda cha kupigia chapa sahani, na Mombasa ikapata wafanyabiashara wenye alama zao za santuri. Bendi za Tanganyika, ambayo haikuwa na kiwanda cha sahani, zikawa zinasafiri kaskazini.

Aliyejulikana kuliko wote katika safari hizo alikuwa Salum Abdallah wa Morogoro. Alizaliwa mwaka 1928, mwaka ule ule wa safari ya Siti binti Saad. Alianza na kikundi kilichoitwa La Paloma mwaka 1948, na baadaye bendi yake ikaitwa Cuban Marimba. Jina lenyewe lakiri mapenzi yake. Sahani zake zilizotolewa Mombasa chini ya alama ya Mzuri zilienea Afrika ya Mashariki yote. Aliyekuwa akizisikiliza kwa makini aliona jambo: mwendo ni wa Kuba, lakini maneno ni ya Kiswahili safi, ya mapenzi, ya nasaha na ya nchi. Alikufa katika ajali ya motokaa mwaka 1965, hajatimiza miaka 40. Bendi yake ikaendelea chini ya Juma Kilaza. Kama hapangekuwa na sahani zile, leo Salum Abdallah angekuwa jina tu katika midomo ya wazee wa Morogoro. Lakini kwa kuwa sauti yake ilinaswa, mtoto aliyezaliwa miaka 50 baada ya kifo chake aweza kumsikia akivuta pumzi kabla ya kuanza ubeti.

Tanga nayo ilikuwa na bendi zake. Atomic Jazz, pamoja na mwimbaji Stephen Hiza na mpiga gitaa John Kijiko, ilishindana na Jamhuri Jazz kama Marini na Arinoti walivyoshindana zamani. Kila moja ilikuwa na mtindo wake wenye jina: Atomic walisema Kiweke, Jamhuri walisema Dondola. Katika Jamhuri Jazz walikuwamo ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, wazaliwa wa Tanga. Mwaka 1970 walikwenda Arusha, wakaunda Arusha Jazz pamoja na ndugu yao William. Mwaka 1971 wakavuka mpaka kuingia Kenya, wakaunda Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya watu wa Simba Wanyika wakatoka na kuunda Les Wanyika. Hivyo vijana wa Tanga wakajaza nyumba za Nairobi kwa nyimbo za Kiswahili, kwa sababu moja iliyo wazi: huko ndiko zilikokuwa studio, na kiwanda, na wanunuzi. Mpigaji humfuata mnasaji, kama mkulima anavyolifuata soko.

Katika wakati huo sahani ndogo nyepesi za mizunguko 45 kwa dakika zilikwisha kuishinda ile ya zamani. Wimbo ukagawanywa: upande wa kwanza maneno, polepole, upate kusikia kisa, ukigeuza upande wa pili, maneno yamekwisha, magitaa yanachemka na tarumbeta zinaitana. Waliozoea kusikia hivyo walifikiri kuwa ndiyo tabia ya muziki huo. Ni kweli kwamba katika ukumbi pia wimbo huanza taratibu ukaishia kwa kuchemka. Lakini kukatika kwake katikati, mtu akainuka kugeuza sahani, kulitokana na upana wa sahani wala si mapenzi ya mtungaji.

CHUMBA CHA REDIO

Redio ya Tanganyika ilianza mwaka 1951 ikiitwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 ikawa shirika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania chini ya serikali. Katika miaka ya 1970 studio yake ikawa ndiyo mlango wa bendi zote za nchi. Serikali ilitaka redio ipige nyimbo za Tanzania, si za nje. Na kwa kuwa sahani za Tanzania zilikuwa chache, ilipasa redio yenyewe inase nyimbo.

Kazi ilikwenda hivi. Bendi ilileta maneno ya nyimbo yakasomwa kwanza na wakubwa, wakayapitisha au wakayakataa. Kisha siku ikatajwa. Watu wakaja na vyombo vyao, wakapangwa chumbani: magitaa matatu au manne, ngoma, tarumbeta, saksofoni, waimbaji. Nyuma ya kioo alikaa fundi na mashine ya kanda. Wote walipiga kwa pamoja, mwanzo hata mwisho, na mmoja akikosa wote walirudia. Kwa hiyo bendi ilifika imekwisha kuujua wimbo vizuri, kwa maana ulikwisha pigwa ukumbini mbele ya watu usiku mwingi, na watu ndio waliosema kama ni mzuri. Ndiyo sababu nyimbo za studio ile, ingawa mashine zake hazikuwa za ajabu, zina umoja ambao watu wengi hawauoni siku hizi, ambapo mmoja huimba leo na mwingine hupiga gitaa kesho, pasipo kuonana.

Kanda haikuwa na upande wa pili wa kugeuzwa. Mtunzi akapata nafasi aliyonyimwa na sahani. Basi nyimbo zikarefuka kufikia dakika 6, 7 na zaidi, nazo zikawa hadithi kamili: mume aliyesahau watoto wake, mtumishi aliyemaliza mshahara kwa pombe, mke aliyesingiziwa. Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978, ilikuwa bingwa wa nyimbo za namna hii. Humo alikuwamo Michael Enoch, aliyepata kuwa wa Dar es Salaam Jazz, na waimbaji kama Muhiddin Maalim Gurumo na Hassani Bitchuka. NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ilikwisha kuundwa mwaka 1964, na Vijana Jazz mwaka 1971. Vyombo vilikuwa mali ya shirika, na wapigaji walipata mshahara. Tena angalia majina ya mitindo yao: Mlimani waliita wao Sikinde, nalo ni jina la ngoma ya Wazaramo, NUTA waliita wao Msondo, nalo ni jina la ngoma ya unyago. Bendi zilizoanza kwa kuimba Kispanyola cha kubuni zilikuwa zimekwisha kurudi nyumbani.

FAIDA NA HASARA

Sasa nifike kwenye jambo lenye uzito. Redio ilihifadhi nyimbo nyingi kuliko kampuni yoyote. Haya ni mema, na yastahili shukrani. Lakini wapigaji walilipwa malipo madogo mara moja tu, na baada ya hapo wimbo ulipigwa hewani miaka na miaka pasipo wao kupata zaidi ya sifa. Nchi haikuwa na kiwanda cha sahani. Shirika la filamu la taifa lilipewa kazi ya kukijenga, na mpango haukukamilika. Hapo kwanza kanda zilipelekwa Nairobi kupigwa chapa. Lakini mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika, mpaka wa Kenya ukafungwa, haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Hivyo nyimbo nyingi bora za miaka ile hazikuuzwa hata sahani moja. Watu walizinasa wenyewe kutoka redioni kwa kaseti, na wachuuzi wakaziuza sokoni, na mtunzi hakupata hata senti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ikatungwa mwaka 1999, wengi wa watunzi wale wakiwa wamekwisha zeeka au kufa.

Mtu asiseme haya ni mambo ya watu wa dansi tu. Fundi seremala akitengeneza kiti, kila akikaliacho amemlipa. Mwenye kutunga wimbo amefanya kazi ya akili na ya mkono. Kumnyima ujira wake kwa kuwa kazi yake haishikiki ni dhuluma ile ile, hata kama mnyimaji hakukusudia ubaya.

Na iko hasara nyingine, iliyo yetu sisi watu wa vijijini. Chumba cha kunasa sauti kilikuwa hakimu. Aliyeweza kufika Mombasa, Nairobi au Dar es Salaam alihukumiwa kuishi. Asiyekuwa na nauli alihukumiwa kusahauliwa. Katika kambi za mkonge na katika vituo vya reli walikuwapo wapigaji wengi wa magitaa, wengine wenye magitaa ya kuundwa kwa debe na waya, waliochezesha watu kila Jumamosi. Hawakunaswa. Hakuna sahani yenye jina lao, wala kanda, wala mstari katika kitabu. Hata katika sahani zilizotoka, mara nyingi liliandikwa jina la bendi na la mtunzi. Jina la aliyepuliza tarumbeta halikuandikwa. Sauti yake twaisikia, na yeye mwenyewe hatumjui.

LILILOBAKI KUFANYA

Wahenga walisema, Mali bila daftari huisha bila habari. Kanda za Radio Tanzania sasa ziko mikononi mwa Shirika la Utangazaji Tanzania, na watu wamejitahidi kuzihamisha katika kompyuta kabla hazijaoza. Hiyo ni kazi ya wakubwa, na tuwaombe waimalize. Lakini kazi ya daftari ni yetu sote, nayo haitaki umeme wala fedha nyingi.

Ukiwa na mzee nyumbani aliyepata kupiga katika bendi, au aliyekuwa mlangoni akikusanya viingilio, au aliyekuwa mchezaji tu, mwulize leo. Mwulize jina la bendi, na ya nani vyombo, na walipiga wapi, na mwaka gani kwa kadiri anavyokumbuka. Mwulize nani alishika gitaa na nani alishika tarumbeta. Uandike kwa kalamu, utie tarehe, na jina lako, na la mzee. Kama ziko sahani za zamani darini, zisimamishe wima, mbali na jua na vumbi, wala usiwape watoto kuzichezea. Waalimu wenzangu, badala ya kuwatungisha watoto insha za mambo wasiyopata kuyaona, tuwatume kwa babu zao na maswali haya. Hiyo ni insha na historia na adabu kwa pamoja.

Wale waliochukuliwa utumwani Kuba hawakuachiwa daftari, wala santuri. Waliweka urithi wao katika mikono, katika miguu na katika kuitikiana, nao ukadumu miaka mingi, ukavuka bahari mara mbili. Sisi tunajua kusoma na kuandika, tena tunazo mashine za kila namna mifukoni. Tukipoteza majina ya waliopiga muziki karibu na milango yetu, hatutakuwa na bahari wala mtumwishaji wa kumlaumu.